Jina la Mtama wa Mama Mdogo

Anayetaka kusikiliza na asogee, na mwenye shughuli zake aende salama. Habari hii ni ya Sikudhani binti Malongo, mkulima, mwanamke wa makamo, aliyekwenda nchi ya Tamkoni kuomba mbegu. Njia aliyopita sitaieleza. Ilikuwa ndefu na ya vumbi, na alipofika miguu ilikuwa imevimba. Hayo yanatosha.

Alichofuata ni hiki. Kwao Kilongwe, ndege na kiduha, gugu linalonyonya mizizi, viliumaliza mtama wa asili miaka miwili mfululizo, na mwaka wa tatu watu wakala hata mbegu. Mama yake, Bi Nambiza, ndiye pekee aliyebaki anayejua kuchagua mbegu ya mtama ule, naye macho yalikwisha kupofuka. Alikuwa akijua vitu kwa vidole. Siku moja akakumbuka kwamba mdogo wake, alipoolewa Tamkoni zamani, aliondoka na kibuyu kizima cha mbegu hiyo.

"Nenda kwa watoto wa mama yako mdogo," alisema. "Na mvua za kwanza zisikukute huko. Mwaka huu tusipopanda, mwakani hatutakuwepo wa kupanda."

"Nitakuletea ule mwekundu mzuri, mama."

"Mambo ya rangi waachie wasuka mikeka. Wewe niletee mtama."

Sikudhani hakuelewa mama yake ana maana gani, na kwa kuwa alikuwa akiiwaza safari, hakuuliza.

Lango la Tamkoni lina askari mwenye daftari. Alimwuliza Sikudhani jina la kila kitu alichokuwa nacho: kanga, ndara, kibuyu kitupu, kipande cha muhogo alichobakiza njiani. Kila jina alilitafuta daftarini, na alipolipata aliweka alama. Sheria ya nchi ile ni fupi na imechorwa ukutani kwa rangi ya buluu: kisicho na jina katika Daftari Kuu hakipo. Ndiyo maana hakipandwi, hakipikwi, wala hakitolewi zawadi. Sikudhani aliisoma mara mbili, akaona haimhusu. Mtama una jina lake, mtama.

Alimkuta Somoe, binti wa mama yake mdogo, akisonga ugali wa unga wa gunia. Gunia lilikuwa na jina kubwa ubavuni, la kampuni ya ng'ambo. Walikumbatiana, wakalia kidogo kwa ajili ya mama mdogo, marehemu, wakala. Ugali haukuwa na ladha yoyote. Sikudhani alipomaliza kunawa, alieleza alichokuja kuomba, na Somoe akainamisha uso.

"Mtama upo, dada Siku. Lakini haupo."

Akaeleza. Zamani, Daftari Kuu lilipofunguliwa, karani alipita nyumba kwa nyumba akiuliza majina. Mahindi ya duka yalikuwa na jina, maana liliandikwa kwenye mfuko. Kuku wa kizungu walikuwa na jina. Lakini mtama ule, na mbuzi wafupi, na kuku wa kishingo, na maboga ya uani, watu walisema tu: hivi vya kwetu. Karani akauliza, vya kwetu ndiyo jina gani? Hakuna aliyejua la kumjibu. Vyote vikaingia katika safu moja, na safu ikaachwa wazi.

Ikawa hivyo mpaka alipokuja mgeni kutoka kisiwa cha ukungu. Alikaa siku tisa, akaonyeshwa Daftari, akaiona safu ile tupu, akasema huku akitafuta kofia yake kwamba kwao vitu vya namna hiyo huitwa landresi. Akaondoka. Tamkoni ilisherehekea wiki nzima. Karani mmoja aliliandika neno hilo juu ya safu kwa wino wa dhahabu, na watu waliofuga mbuzi wafupi kwa aibu wakaanza kuwatoa nje wapigwe picha.

"Halafu mtu mmoja akauliza mkutanoni, neno hili limetoka wapi?" Somoe alisema. "Ikaamuliwa neno lisitumike mpaka asili yake ijulikane. Wakamtuma Balozi Msafa akaifuate. Mwaka wa kumi na moja huu."

"Na miaka yote hiyo mlikuwa mkila nini?"

"Tulikuwa tukipanda kimyakimya, wao wakifumba macho. Mwaka jana ikaja barua kwamba Balozi anakaribia kurudi. Kila nyumba ipeleke mbegu yake yote Nyumba ya Majina, isafishwe, iwe tayari kulipokea jina."

"Ukapeleka yote?"

"Barua ilisema yote."

"Hukubakiza hata kiganja?"

"Dada, walikuja na ufagio."

Asubuhi yake Sikudhani alikwenda Nyumba ya Majina. Msajili Mkuu, Bwana Thabiti, alimpokea vizuri. Ilibidi akiri hilo baadaye kila alipoisimulia habari hii: hakuna aliyemfokea Tamkoni, hakuna aliyemdai chochote. Bwana Thabiti alimvutia kiti mwenyewe, akamwagizia chai, akampa pole ya safari na pole ya njaa.

"Unaomba nini hasa, mama?"

"Mtama wa mama yangu mdogo. Mvua za kwetu zimebakiza siku arobaini, na njia inakula kumi na tano."

"Mtama wa mama mdogo." Bwana Thabiti aliandika, kisha akafuta. "Hayo ni maelezo, mama, si jina. Nikikuruhusu uchukue kitu kisicho na jina, nitakuwa nimekuruhusu uchukue nini? Balozi atafika siku yoyote. Akitamka asili ya neno, wewe utakuwa mtu wa kwanza kupewa. Ngoja kidogo."

Akangoja. Mtu aliyezoea jembe hajui kukaa bure, na benchi la Nyumba ya Majina lilikuwa la mbao ngumu. Siku ya pili alizunguka nyuma ya jengo, akamkuta mama mmoja mnene mwenye sauti nzito, Bi Mashavu, amekaa kwenye varanda na ungo mapajani, magunia yamepangwa kila upande wake.

"Karibu, shoga. Kama una macho mazuri, chukua ungo huo mwingine."

Kazi ya Bi Mashavu ilikuwa kusafisha. Kitu kinachosubiri jina moja lazima kiwe cha namna moja, ndivyo Bwana Thabiti alivyoamuru. Kila gunia lilikuwa na punje moja ya mfano iliyogundishwa kwenye karatasi: nyekundu, nono, duara. Zilizofanana na hiyo zilitiwa mtungini. Zisizofanana, yaani nyeupe, za madoadoa, nyeusi, ndogo ngumu, zilizopinda, zilitupwa kwenye kapu. Jioni Bi Mashavu aliwamwagia kuku wake kapu lile. Mitungi iliyojaa ilibebwa ndani, na kila alasiri harufu ya bisi ilitoka dirishani, ya kutia njaa kabisa. Sikudhani alidhani wakubwa wanaandaliwa kitafunio cha chai.

Siku ya sita alifungua gunia lililoandikwa jina la mama yake mdogo. Aliingiza mkono mpaka kiwiko, akakaa hivyo kwa muda, kisha akalisafisha gunia lile kwa uangalifu kuliko mengine yote, punje kwa punje, ili jina likija lisikute sababu ya kukataa. Kila yenye doa aliitoa. Bi Mashavu alimsifu, akasema hajaona mkono mwepesi namna ile, na Sikudhani akafurahi. Gunia lilimchukua siku kumi na mbili.

Wakati huo ukumbini wajumbe walikuwa wakijadiliana, na madirisha yalikuwa wazi, hata watu wa varandani waliyasikia yote. Balozi alikuwa ametanguliza barua. Ilisema kwamba watu wa kisiwa cha ukungu nao waliliazima tu neno lile. Walilipata kwa majirani zao wa ng'ambo ya bahari ya baridi, watu wa maziwa na siagi, na huko lilikuwa limemkaa zaidi mnyama mmoja, naye ni nguruwe.

Hapo ukumbi uligawanyika. Mjumbe mmoja mwembamba alisimama, sauti ikimtetemeka, akauliza mtama wa watu waungwana utavaaje jina lililotoka zizini kwa nguruwe. Mwingine akajibu kwamba neno likishavuka bahari limekwisha kuoga. Wa tatu akataka ijulikane limeoga bahari ngapi. Waliokubali hoja ya kuoga walikaa upande wa kulia, waliokataa kushoto, na kundi la katikati likaomba neno lipelekwe kwa mgeni mwingine alitamke tena kwa heshima zaidi. Siku tatu zilipita juu ya jambo hilo. Hakuna aliyetaja mvua.

"Hawa wote hawajawahi kupanda?" Sikudhani aliuliza.

"Wamepanda, wengi tu. Baba yake Thabiti alikuwa na shamba la mtama kule bondeni, na huyo Thabiti ndiye aliyekuwa akifukuza ndege." Bi Mashavu alipeta ungo wake. "Sasa amesoma."

Siku ya kumi na tisa Balozi Msafa akafika. Kuku wote wa mtaa walikamatwa kwa pilau ya kumpokea, wakiwemo kumi na wanne wa Bi Mashavu, aliyesimama mlangoni akiwahesabu wanavyoondoka. Balozi alikuwa ameondoka kijana mwenye mashavu manene. Alirudi mzee, amevaa koti zito la nchi za baridi ambalo hakukubali kulivua, anakohoa. Alipewa jukwaa. Ukumbi ulijaa hadi madirishani, na Sikudhani na Bi Mashavu walisimama nyuma kabisa.

"Ndugu zangu," Balozi alisema, "nimefika mwisho wa neno. Nimelifuata katika vitabu, katika maonyesho ya mifugo, katika maduka ya siagi. Mwisho kabisa nikafika kwa mkulima mmoja, mzee kama mimi, yumo zizini anafagia. Nikamwuliza, neno hili maana yake nini? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa maji ni nini. Akasema, nusu ya kwanza ni nchi, nusu ya pili ni aina. Ni mnyama wa hapa. Ni mbegu ya hapa. Ni tuliyoikuta. Akasema: ya kwetu."



"Ya kwetu?" Bwana Thabiti aliuliza.

"Ya kwetu."

"Lakini ndivyo watu wetu walivyokuwa wakisema kabla hujaondoka."

"Ndivyo," Balozi alisema, akajifuta midomo. "Nimekuwa nikiliwaza hilo njia nzima."

Sikudhani alitaka kucheka, kikamtoka kitu kama kwikwi. Alichoka. Miguu, mgongo, vidole, vyote vilichoka kwa mara moja, na akamwonea huruma mzee yule mwenye koti, aliyetumia ujana wake kwenda kuchukua neno lililokuwa jikoni kwa kila mtu.

Wajumbe hawakumwonea huruma. Walisema gharama ya miaka kumi na moja haiwezi kurudi na jibu la namna hiyo. Mmoja akatoa hoja kwamba ikiwa maana ni ya kwetu, na waliosema ni wao, basi tukiuita mtama hivyo tutakuwa tumekiri kwamba ni wa kwao. Hoja hiyo ilitisha watu. Kabla ya adhuhuri wakaamua: neno lipokelewe rasmi, na maana yake ihifadhiwe mahali salama isisomwe ovyo. Watu wakapiga makofi, pilau ikapakuliwa.

Bwana Thabiti hakusahau ahadi yake. Alimwita Sikudhani jukwaani, akamkabidhi mtungi wa mtama wa mama yake mdogo. Shingoni ulikuwa na karatasi yenye neno landresi kwa wino wa dhahabu. Picha zikapigwa. Sikudhani aliupakata mtungi kama mtoto, akashukuru, akafungua kifuniko aone.

Harufu ya bisi ikampiga puani.

Alichukua punje moja, akaitafuna. Ikavunjika kavu, tamu, ikiwa imeiva.

"Mmezikaanga," alisema.

"Tumezituliza," Bwana Thabiti alimrekebisha kwa upole. "Mbegu mbichi haina msimamo, mama. Ukiipanda hapa inatoka hivi, ukiipanda kule inatoka vile, mwaka huu ndefu, mwaka ule fupi. Mimi nitaandikaje jina la kitu kinachobadilika? Zikishakaangwa hazibadiliki tena. Hata miaka mia."

"Haziwezi kuota, bwana."

"Ndiyo," alisema, na uso wake ulikuwa safi, hauna hila hata kidogo. "Hiyo ndiyo dhamana yetu."

Sikudhani aliuweka mtungi chini taratibu asije akauvunja, akatoka. Alipofika varandani aliketi sakafuni katikati ya magunia matupu, akalia kwa sauti, kilio cha msiba, maana ulikuwa msiba. Alimwona mama yake amekaa mlangoni Kilongwe, mikono wazi. Alikumbuka siku kumi na mbili za kusafisha gunia lile. Kila alasiri aliisikia harufu ile, na kila alasiri akameza mate.

Bi Mashavu alikuja, akaketi karibu naye, hakumwambia anyamaze.

"Sikujua kwamba hukujua," alisema. "Hapa kila mtu anajua."

Kisha akavuta lile kapu la takataka kutoka pembeni. Lilikuwa limejaa zaidi ya siku zote, kwa sababu tangu juzi kuku walikuwa wamefungiwa wanoneshwe kwa mchele, na sasa walikuwa wameliwa. Chini kulikuwa na makapi ya watu wengine. Juu, kama konzi mbili, ndiyo yaliyotoka gunia la mama mdogo.

"Hizi hazijakaangwa. Nani akaange uchafu? Chukua ukawape kuku wa kwenu, maana wangu sina tena."

Sikudhani alizitazama. Vipunje vidogo vidogo, vya madoa, vyeusi, vyeupe, vimepinda. Alivifunga kwenye pindo la kanga kwa kuwa ni bora kuliko kurudi mikono mitupu, si kwa kuwa aliviamini. Jioni alimpa Somoe agawane naye. Somoe alivishika kiganjani, akavigeuza, machozi yakamlengalenga.

"Nikiulizwa ni nini, dada, nitasema nini?"

Akavirudisha.

Langoni, askari yuleyule alimfungulia daftari lilelile. Kanga, ndara, kibuyu kitupu. Akaona pindo limefungwa fundo.

"Humo mna nini?"

"Sijui vinaitwaje," Sikudhani alisema. Hakuwa akifanya ujanja. Hakuwa na nguvu za ujanja. "Ni vile vilivyokataliwa."

Askari alipekua safu ya landresi, akalinganisha punje za pindoni na picha ya punje nyekundu nono. Hazikufanana. Akapekua mbele, akapekua nyuma, akafunga daftari.

"Havimo. Basi hujabeba kitu. Pita, mama, pole kwa kuondoka mikono mitupu."

Alifika Kilongwe siku ya thelathini na nne, mawingu yamekwisha kujikusanya upande wa mlima. Bi Nambiza alimsikia hatua kabla hajabisha, akainuka kwa kushika mwimo wa mlango. Sikudhani alipiga magoti, akajiandaa kueleza: kwamba mtama mzuri umekaangwa, kwamba alichelewa, kwamba alichobeba ni takataka ya kuku na amsamehe. Lakini mama hakungoja maelezo. Alipapasa, akalipata pindo, akalifungua kwa kucha, akamwaga kiganjani.

Vidole vikaanza kutembea. Vilisugua punje moja, vikaiacha, vikachukua nyingine. Akaipeleka moja kwenye jino lililobaki, akaibana, ikakataa kuvunjika. Sikudhani aliona mabega ya mama yake yakishuka, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Ndiyo yenyewe," Bi Nambiza alisema. "Zile nono ndege huanza nazo, na fukusi nao. Zile mimi nilikuwa nakupikia uji. Mbegu ni hizi ngumu, za kila namna, mojawapo hukutana na mwaka wake." Akazikusanya asidondoshe hata moja. "Huko wana mtu anayejua kazi. Nani aliyekuchagulia vizuri hivi?"

Sikudhani aliangalia mikono yake mwenyewe, ile iliyozitoa moja moja siku kumi na mbili, ikizitupa. Aibu na furaha vilimpanda pamoja, hakujua kipi kitangulie.

"Ni mimi, mama," alisema, akaenda kutafuta jembe.